Barua ya Profesa na Ada ya Kampuni: Kuajiri na Kulea Wanafunzi wa Fizikia katika Maabara za Viwanda vya Marekani, 1900–1984

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna kampuni mbili za Marekani, General Electric (GE) na American Telephone and Telegraph (AT&T), zilivyowatafuta, zilivyowaajiri na zilivyowalea wanafunzi wa fizikia wa vyuo vikuu kati ya mwaka 1900 na 1984. Hoja inayojengwa ni kwamba mafanikio ya kampuni hizo hayakutokana na mshahara peke yake, bali na malezi yaliyoanza kabla ya ajira na kuendelea baada yake: muda wa utafiti, kazi za likizo, ada ya masomo na uangalizi wa karibu wa mtafiti mzoefu. Hata hivyo, malezi hayo yaliwafikia wale tu waliojulikana na maprofesa wachache. Mageuzi ya miaka ya 1970 yalikuwa na uzito kwa sababu yaliyachukua malezi yale yale ya zamani na kuyafikisha kwa wale ambao njia ya mapendekezo ilikuwa imewapita.

1.0 Utangulizi

Mwanzoni mwa karne ya 20, kijana wa Kimarekani aliyehitimu shahada ya uzamivu katika fizikia alikuwa na njia moja iliyo wazi mbele yake, nayo ni kufundisha. Viwanda vilikuwa na wahandisi, mafundi na wavumbuzi. Mwanafizikia hakuwa na nafasi inayoeleweka humo. Miaka hamsini baadaye hali ilikuwa imegeuka. Transista, kifaa kilichobadili mawasiliano na ukokotozi duniani, ilizaliwa Desemba 1947 katika maabara ya kampuni ya simu. Watu watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1956 kwa kazi hiyo, yaani John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, wote walikuwa wamepitia masomo ya uzamivu katika vyuo vikuu kabla ya kuingia katika maabara hiyo.

Kati ya hali hizi mbili kuna swali ambalo historia nyingi za uvumbuzi hulipita kwa haraka: watu hao walifikaje kiwandani? Masimulizi mengi huanza mtafiti akiwa tayari amesimama mbele ya meza ya majaribio. Insha hii inarudi nyuma hatua moja na kumtazama akiwa bado mwanafunzi, kisha inauliza nani alimjua, nani alimlipia, na nani alimpa muda wa kukua.

Dhana mbili zinahitaji kutofautishwa tangu mwanzo. Kuajiri ni tendo la kampuni kumtafuta mtu na kumpa kazi. Lina siku yake na mkataba wake. Kulea ni mwenendo wa muda mrefu wa kumwezesha mtu kufikia uwezo ambao bado hana. Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi inakaribia wazo hili, ingawa inamtazama zaidi mkunjaji na haiulizi ni samaki gani waliofika mikononi mwake. Swali hilo la pili ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mjadala unaofuata.

Uchunguzi unaanza mwaka 1900, GE ilipoanzisha maabara yake ya utafiti mjini Schenectady, jimbo la New York, na kukoma mwaka 1984, AT&T ilipovunjwa na muundo wa fedha uliokuwa umeitegemeza maabara yake kuondoka.

2.0 General Electric: Muda kama Sehemu ya Malipo

Maabara ya GE ilianza kwa unyonge. Mkurugenzi wake wa kwanza, Willis Whitney, alikuwa mwalimu wa kemia katika chuo cha Massachusetts Institute of Technology (MIT), na hapo mwanzo hakuwa tayari kukiacha chuo. Aligawa muda wake kati ya Boston na Schenectady. Kusitasita kwake kunaeleza vema tatizo ambalo kampuni ilikabiliana nalo. Msomi aliogopa kwamba akiingia kiwandani angepoteza uhuru wa kuchagua swali la kuchunguza, na pamoja na uhuru huo angepoteza heshima mbele ya wenzake.

Whitney alilijua hofu hilo kwa kuwa lilikuwa lake mwenyewe. Mwaka 1905 alipomshawishi mwanafizikia William Coolidge kutoka MIT, hakutumia fedha peke yake. Coolidge aliahidiwa mshahara ulio maradufu ya ule wa chuo, lakini pia aliruhusiwa kuendelea na utafiti wake binafsi kwa sehemu ya muda wa kazi. Matunda yalikuja baada ya miaka kadhaa: njia ya kuifanya tungsteni ivutike kuwa waya mwembamba wa taa, na mwaka 1913 mrija mpya wa eksirei uliobeba jina lake. Kampuni ilikuwa imelipa kwa muda, na muda huo ndio uliomleta na kumshikilia mtu aliyeyafanya hayo.

Mfano wa Irving Langmuir unaonesha njia nyingine. Langmuir alisomea uzamivu Göttingen, Ujerumani, kisha akafundisha katika taasisi ya Stevens, jimbo la New Jersey, ambako mzigo wa kufundisha ulimwachia nafasi ndogo ya utafiti. Mwaka 1909 alikwenda Schenectady kufanya kazi ya likizo ya majira ya joto. Hakurudi tena darasani. Kazi ya miezi michache ilikuwa imewapa pande zote mbili nafasi ya kupimana bila kufungana: kampuni ilimwona mtu akifanya kazi, naye aliona kwamba humo ndani maswali ya msingi yaliruhusiwa. Mwaka 1932 Langmuir alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa utafiti uliofanyika ndani ya maabara ya kiwanda.

Mfano wa tatu ndio unaogusa malezi kwa ukamilifu zaidi. Katharine Blodgett alikuwa binti wa mwanasheria wa hataza wa GE aliyeuawa kabla binti huyo hajazaliwa. Mwaka 1917, akiwa mwanafunzi wa chuo cha Bryn Mawr, aliitembelea maabara na kukutana na Langmuir, ambaye alimshauri aongeze masomo kwanza. Alisoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1918 akaajiriwa, akiwa mwanasayansi wa kwanza mwanamke katika maabara hiyo. Baada ya miaka sita ya kazi alikwenda Cambridge, Uingereza, kwa msaada wa Langmuir aliyemfungulia njia, na kusoma katika maabara ya Cavendish chini ya Ernest Rutherford. Mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya fizikia katika chuo kikuu hicho, kisha akarudi Schenectady.

Safari ya Blodgett ina karibu kila kipengele cha malezi: ushauri kabla ya ajira, masomo, kazi, masomo tena, na mtafiti mkubwa aliyemfungulia milango. Lakini inafichua jambo jingine pia. Mlango ulimfungukia kwa kuwa familia yake ilijulikana ndani ya kampuni. Mwanamke mwenye akili kama yake asiye na baba aliyewahi kufanya kazi GE hakuwa na sababu ya kupita mbele ya meza ya Langmuir.

3.0 AT&T na Njia ya Chicago

Katika kampuni ya simu, uhitaji wa wanafizikia ulitokana na ahadi ya kibiashara. Chini ya rais wake Theodore Vail, AT&T ilijifunga kuunganisha New York na San Francisco kwa simu wakati wa maonesho makubwa yaliyopangwa kufanyika San Francisco. Tatizo lilikuwa umbali. Sauti ilififia kadiri waya ulivyorefuka, na mwaka 1911 laini kutoka New York ilikuwa imefika Denver, karibu na ukomo wa mbinu zilizokuwapo. Ili kuvuka hapo kilihitajika kifaa cha kukuza mawimbi ya sauti bila kuyaharibu, na vifaa vya kimakanika havikutosha.

Mhandisi aliyekabidhiwa sehemu kubwa ya jukumu hilo, Frank Jewett, hakuwa mhandisi kwa asili. Alipata shahada ya uzamivu ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1902, na hapo alijenga urafiki na Robert Millikan, mwalimu kijana aliyekuja kuwa bingwa wa upimaji wa elektroni. Mwaka 1910 Jewett alimwendea Millikan na kumweleza shida yake: jibu la tatizo la simu huenda lingetoka katika fizikia mpya ya elektroni, na kampuni haikuwa na mtu anayeijua. Alimwomba amteulie kijana miongoni mwa wanafunzi wake walio bora.

Millikan alimtaja Harold Arnold, aliyejiunga na kampuni tanzu ya Western Electric Januari 1911. Mwaka 1912 mvumbuzi Lee de Forest alipoonesha kifaa chake kilichoitwa Audion, wahandisi wengi waliona kitu dhaifu na kisichotabirika. Arnold, kwa elimu yake ya elektroni, alitambua kwamba kikiondolewa hewa hadi kufikia ombwe la juu kingeweza kuwa kikuza mawimbi cha kuaminika. Kampuni ilinunua haki za matumizi mwaka uliofuata. Tarehe 25 Januari 1915 Alexander Graham Bell, akiwa New York, alizungumza kwa simu na msaidizi wake wa zamani Thomas Watson aliyekuwa San Francisco.

Ushindi huo uliifundisha AT&T kwamba mwanafizikia mmoja aliyechaguliwa vema angeweza kuiokoa ahadi ya kampuni nzima. Ulifundisha pia, pengine bila kukusudia, kwamba njia ya kumpata ni kumuuliza profesa unayemfahamu. Njia hiyo ilitumika tena na tena. Mervin Kelly, mtoto wa Missouri aliyemsaidia Millikan katika majaribio ya matone ya mafuta, alijiunga na Western Electric mwaka 1918 baada ya uzamivu wake Chicago. Clinton Davisson, aliyejiunga mwaka 1917, naye alikuwa amepita katika madarasa ya Millikan kabla ya kumalizia uzamivu Princeton. Maabara za Bell zilipoundwa rasmi Januari 1925, Jewett alikuwa rais wake wa kwanza na Arnold mkurugenzi wa utafiti. Baadaye Kelly naye alishika nafasi hiyo ya urais. Uongozi wa maabara kubwa ya viwanda nchini ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, matunda ya idara moja ya fizikia.

Ubora wa njia hii hauna budi kukiriwa. Profesa aliyeishi na mwanafunzi kwa miaka minne alijua mambo ambayo cheti hakisemi: uvumilivu wake, uaminifu wake katika vipimo, namna anavyopokea matokeo yasiyomfurahisha. Barua yake ilikuwa na uzito kwa sababu jina lake lilikuwa dhamana. Kasoro ilikuwa katika mipaka yake. Profesa aliweza kumpendekeza tu mtu aliyekaa darasani kwake, na darasa lenyewe lilikuwa limekwisha kuchujwa na mfumo wa elimu na jamii uliomzunguka.

4.0 Kusoma Ukiwa Kazini

Kuajiri kulikuwa mwanzo tu. Fizikia ya miaka ya 1920 na 1930 ilibadilika kwa kasi, na mtu aliyehitimu mwaka 1915 alijikuta mgeni katika taaluma yake baada ya miaka kumi. Maabara za Bell zililazimika kuwa aina fulani ya shule.

Lester Germer ni kielelezo cha hatua hii. Aliingia Western Electric baada ya shahada ya kwanza aliyoipata Cornell mwaka 1917, akawa msaidizi wa Davisson, na huku akifanya kazi alisoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, umbali mfupi kutoka jengo la kampuni la Mtaa wa West mjini New York. Alipata uzamivu wake mwaka 1927. Mwaka huohuo yeye na Davisson walitangaza matokeo yaliyoonesha kwamba elektroni zikiigonga fuwele ya nikeli hutawanyika kama mawimbi, uthibitisho mkubwa wa nadharia mpya ya kwanta. Davisson alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1937. Kwa Germer, kazi ya maabara na masomo ya uzamivu vilikwenda sambamba, na mji uliokuwa na chuo kikuu karibu na kiwanda uliliwezesha jambo hilo.

Mdororo Mkuu wa Uchumi uliijaribu desturi hii. Maabara zilisimamisha ajira mpya na kupunguza siku za kazi katika wiki. Baadhi ya watafiti waliutumia muda uliopatikana kwa masomo ya ziada, yakiwemo madarasa ya Columbia. Ajira ziliporudi mwaka 1936, Kelly, ambaye wakati huo alikuwa mkurugenzi wa utafiti, alimfuata Shockley aliyekuwa akimaliza uzamivu MIT. Mwaka 1939 Charles Townes aliletwa kutoka California Institute of Technology. Vijana hawa pamoja na wenzao waliunda kikundi cha kujisomea ambamo walipitia kwa zamu vitabu vya fizikia ya kwanta na ya yabisi. Wakubwa wao walikiruhusu kikundi hicho kukutana hata katika saa za kazi. Sehemu ya elimu iliyoizaa transista ilijengwa katika vikao hivyo, ambavyo havikuwa na bidhaa yoyote ya kuonesha kwa wakati huo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kile kilichokuwa desturi kilifanywa mfumo. Mwaka 1948 Maabara za Bell zilianzisha mafunzo ya miaka mitatu kwa wahitimu wapya wa shahada ya kwanza na ya uzamili, waliogawa muda wao kati ya darasa na kazi. Wafanyakazi waliyapa jina la utani, Chuo cha Kelly. Kampuni ilikuwa imekubali kwamba elimu iliyoihitaji haikuweza kuachiwa vyuo vikuu peke yake, na kwamba saa ambazo mfanyakazi anasoma ni saa za kazi.

5.0 Walioachwa Nje ya Barua

Kumbukumbu za kampuni na tawasifu za maprofesa huwaonesha waliopendekezwa. Asiyependekezwa hakuacha barua katika faili lolote. Kwa hiyo mwanahistoria anayetegemea kumbukumbu hizo pekee huweza kuamini kwamba njia ya mapendekezo ilimfikia kila aliyestahili. Ili kuliona pengo, ni lazima kutazama maisha ya mtu aliyepita kwa njia nyingine.

James West alizaliwa mwaka 1931 katika wilaya ya Prince Edward, jimbo la Virginia. Hapo ndipo wanafunzi Weusi wa sekondari waligoma mwaka 1951 kupinga hali duni ya shule yao, na hapo ndipo serikali ya wilaya ilizifunga shule zote za umma kuanzia mwaka 1959 hadi 1964 badala ya kukubali watoto Weusi na Weupe wasome pamoja. West alipoazimia kusoma fizikia, baba yake hakufurahi. Kama West mwenyewe alivyosimulia baadaye mara nyingi, baba huyo alimkutanisha na wanaume watatu Weusi waliokuwa na shahada za uzamivu katika kemia na fizikia, ambao kazi bora waliyoweza kuipata ilikuwa katika ofisi ya posta.

Kisa hiki hakipaswi kusomwa kama ushahidi wa baba asiyeithamini elimu. Baba alikuwa akisoma soko la ajira kwa ushahidi uliokuwa mbele ya macho yake, na usomaji wake ulikuwa sahihi. Wale watu watatu hawakukosa shahada. Walikosa mtu wa kuwaandikia barua na kampuni ya kuipokea. Hapa ndipo gharama ya mfumo wa mapendekezo inapoonekana. Hasara ilianza kabla ya siku ya kuomba kazi, nyumbani, pale mzazi alipomshauri mtoto aache fizikia kwa kumpenda.

West hakuiacha. Baada ya utumishi wa jeshi katika vita vya Korea alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, na wakati wa likizo za majira ya joto alipata kazi ya mafunzo katika Maabara za Bell. Akiwa huko alifanya kazi na watafiti wa usikivu wa binadamu, na shida ya kupata vifaa vya kusikilizia vilivyofaa majaribio yao ilimwingiza katika utafiti wa elektreti, yaani utando unaohifadhi chaji ya umeme kwa muda mrefu. Aliajiriwa kwa kudumu mwaka 1957. Mwaka 1962 yeye na mwenzake Gerhard Sessler walitoa maikrofoni ya utando wa elektreti, kifaa kidogo na cha bei nafuu ambacho kwa miongo kadhaa kilitumika katika simu, vinasa sauti na vifaa vya kuwasaidia wenye usikivu hafifu.

Ulinganifu wa West na Langmuir unastahili kutiliwa mkazo. Wote wawili waliingia kwa kazi ya likizo. Tofauti ni kwamba kwa Langmuir kazi hiyo ilikuwa moja kati ya njia kadhaa, ilhali kwa West ilikuwa karibu njia pekee, kwa kuwa ilimruhusu aonwe akifanya kazi kabla rangi yake haijatangulia kumsemea.

6.0 Kupanua Mlango: Mipango ya Miaka ya 1970

Mwaka 1970 wafanyakazi Weusi wa Maabara za Bell, West akiwa miongoni mwa waanzilishi, waliunda chama chao na kuanza kuuhoji uongozi kuhusu idadi ndogo ya watafiti wa jamii zilizobaguliwa. Jibu la kawaida la waajiri wa zama hizo lilikuwa kwamba wahitimu wenye sifa hawakuwapo. Nguvu ya hoja ya chama ilikuwa kuligeuza jibu hilo kuwa kazi ya kufanywa: kama wahitimu hawapo, kampuni iwasaidie wapatikane.

Shinikizo lilitoka nje pia. Desemba 1970 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa katika ajira iliishtaki AT&T mbele ya mamlaka ya mawasiliano kwa kuwabagua wanawake na watu wa jamii za wachache. Januari 1973 kampuni ilikubali maridhiano yaliyojumuisha malipo ya fidia ya takriban dola milioni 15. Shauri hilo lilihusu zaidi kampuni za simu zilizo chini ya AT&T kuliko maabara, na mpango wa kwanza wa maabara ulitangulia maridhiano. Kwa hiyo si sahihi kuyaona mageuzi ya maabara kama tendo la kutii sheria tu, wala si sahihi kuyaona kama ukarimu usio na msukumo. Madai ya ndani na tishio la nje vilikutana.

Mpango wa kwanza, ulioanza mwaka 1972, uliwafadhili wanafunzi wa jamii za wachache hadi shahada ya uzamivu katika sayansi na uhandisi. Mwaka 1974 uliongezwa mpango kama huo kwa wanawake, pamoja na mpango wa utafiti wa majira ya joto kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka makundi yote mawili. Mwanafunzi aliyefadhiliwa alilipiwa ada na kupewa posho, alifanya kazi maabara wakati wa likizo, na zaidi ya yote alipewa mlezi wa kitaaluma, mtafiti wa maabara aliyefuatilia maendeleo yake hadi mwisho wa masomo.

Umuhimu wa mlezi huyo unaeleweka vizuri zaidi kwa kuitazama safari ya mtu aliyesoma kabla ya mipango hiyo. Shirley Ann Jackson aliingia MIT mwaka 1964, ambapo ufadhili wa kampuni ya Martin Marietta ulikuwa sehemu ya msaada uliomwezesha kusoma. Ada ilipatikana. Kilichomwelemea, kama alivyoeleza hadharani baadaye, ni upweke: alikuwa mmoja wa wanafunzi Weusi wachache mno chuoni, na wenzake hawakumkaribisha katika vikundi vya kujisomea. Alivumilia, na mwaka 1973 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata uzamivu MIT, akiwa amesomea fizikia ya chembe. Baada ya kufanya utafiti Fermilab na CERN alijiunga na Maabara za Bell mwaka 1976.

Kufaulu kwa Jackson hakuthibitishi kwamba ada ilitosha. Kunathibitisha kwamba yeye aliweza kubeba pengo ambalo ada haikuliziba. Kikundi cha kujisomea kilichomkataa kilikuwa na thamani ileile ya kikundi cha Shockley na Townes cha miaka ya 1930. Tofauti ni nani aliyeruhusiwa kuketi. Mlezi wa kitaaluma aliyewekwa na mipango ya 1972 na 1974 alikusudiwa kuwa kile ambacho Langmuir alikuwa kwa Blodgett, na Davisson kwa Germer. Hakukuwa na mbinu mpya ndani yake. Kazi ya likizo, ada, muda na mtu mzima wa kuuliza vilikuwapo tangu mwanzo wa karne. Kipya kilikuwa kwamba havikusubiri tena kufahamiana.

7.0 Masharti ya Kiuchumi ya Malezi

Malezi haya yote yalikuwa na chanzo chake cha fedha. AT&T ilikuwa na ukiritimba wa simu uliolindwa na kusimamiwa na serikali, na gharama za utafiti zilibebwa na mapato ya uhakika kutoka kwa mamilioni ya wateja. Kampuni yenye mapato hayo iliweza kumlipia mwanafunzi miaka mitano ya masomo bila kuuliza kila mwaka amezalisha nini.

Tarehe 1 Januari 1984 mfumo huo ulivunjwa baada ya kesi ya serikali dhidi ya ukiritimba. Maabara zilibaki, lakini katika kampuni iliyolazimika kushindana, na subira ikawa ghali. Mwaka 1996 maabara zilihamia kampuni mpya ya Lucent, na mwaka 2008 kampuni iliyozirithi ilitangaza kujiondoa katika utafiti wa msingi wa fizikia. Mabadiliko hayo yako nje ya mipaka ya insha hii, ila yanatoa tahadhari juu ya kuuiga mfano huu: malezi yanayotegemea mfuko wa kampuni moja hudumu kadiri mfuko huo unavyodumu.

8.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba GE na AT&T ziliwapata wanafizikia kwa kuwafikia wakiwa wanafunzi na kuwapa kile ambacho mshahara haununui. Coolidge alipewa muda, Langmuir nafasi ya kujaribu, Germer nafasi ya kusoma akiwa kazini, Blodgett mtafiti mkubwa wa kumfungulia njia. Ajira ilikuwa hatua moja katikati ya safari iliyoanza mapema zaidi na kwenda mbali zaidi.

Imeonesha pia kwamba njia ya mapendekezo, pamoja na ubora wake wa kumtambua mtu kwa undani, ilizidisha faida ya waliokwisha kufahamika. Mcheza kwao hutunzwa, na kwa zaidi ya nusu karne kwao fizikia ya viwanda ilikuwa idara chache za vyuo vichache. Mipango ya miaka ya 1970 haikushusha kigezo chochote. Ilitambua kwamba kigezo kilichokuwa kikitumika kimya kimya, yaani kujulikana, hakikuwa kigezo cha fizikia.

Kwa wanahistoria wa sayansi, matokeo haya yanadai mabadiliko ya mahali pa kuanzia. Historia ya maabara ya kiwanda haiwezi kuanza mlangoni mwa maabara. Inapaswa kufika darasani, katika ofisi ya profesa anayeandika barua, na katika nyumba moja ya Virginia ambako baba alimketisha mwanawe na kumtajia wasomi watatu wa posta. Mwanawe alipofika Maabara za Bell, alishiriki kuanzisha mipango ambayo ingempa baba mwingine ushahidi tofauti.